Eiji Sawamura: Dogo wa Miaka 17 Aliyemnyamazisha Babe Ruth, Kisha Jeshi Likamalizia Mkono Wake

Ukishuka hapa Kaplong siku yenye watu utaona kofia za besiboli kila kona. Msee wa boda ana ya New York. Konda wa matatu ya Kisii ana ya Los Angeles. Mzee wa maziwa ana moja imefifia hadi herufi hazisomeki. Zote zimetoka kwa mitumba. Sasa jaribu kuwauliza huo mchezo unachezwaje. Hakuna anayejua, na hakuna anayejali. Huku kwetu sisi ni watu wa mbio na wa kandanda.

Leo wacha tuwape stori ya mmoja wa wakali wa huo mchezo, na si Mmarekani. Ni Mjapani, jina lake Eiji Sawamura. Aliondoka duniani 1944 akiwa na miaka 27 tu, lakini hadi sai mrushaji yeyote Japani akitaka kuitwa bora, ni lazima apimwe kwa jina lake.

Na usiseme ati hii ni stori ya mbali. Vita vilivyommaliza Sawamura ndivyo vilivyochukua vijana wa Kericho na Sotik wakati wa ukoloni, wakavalishwa sare za KAR na kupelekwa hadi Burma kupigana na Wajapani. Tutafika huko, tulia tu.

Kwanza tuelewane na mchezo

Mrushaji anasimama kwa kituta kidogo katikati ya uwanja. Mbele yake, mita 18 na kitu, kuna mpigaji wa timu ile nyingine ameshika gongo. Mrushaji anatupa mpira mdogo, mgumu, kwa nguvu zake zote. Mpigaji anajaribu kuugonga uende mbali. Akikosa mara tatu, ama akiachilia mipira mizuri impite tu, ametoka. Akiugonga ukaruka hadi nje ya uwanja, anazunguka vituo vyote pole pole kama mtu anarudi nyumbani kutoka shamba, na timu yake imepata alama.

Watatu wakitoka, timu zinabadilishana zamu. Raundi ni 9. Kwa hivyo mrushaji akiwa moto, timu pinzani inaweza kulala njaa mechi nzima. Hiyo ndiyo job ya Sawamura, na aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote wa wakati wake Japani.

Kijana wa duka la mboga

Alizaliwa 1 Februari 1917 katika mji wa Ujiyamada, ambao leo unaitwa Ise, mkoa wa Mie. Familia yake ilikuwa inauza mboga na matunda. Si masonko, si maskini sana, ni watu wa kujipanga tu.

Alipokua alienda Kyoto kusoma shule ya biashara, na huko ndiko jina lilianza kusikika. Japani wana mashindano ya besiboli ya shule ambayo yanachezewa uwanja unaoitwa Koshien. Fikiria zile michezo za shule za kitaifa za hapa Kenya, kisha uongeze nchi nzima kusimamisha kazi kusikiliza redio. Sawamura alirusha huko 1933 na 1934, na wapigaji walikuwa wanarudi kuketi mmoja baada ya mwingine.

Alikuwa na mtindo wake. Kabla ya kurusha alikuwa anainua mguu wa kushoto juu sana, karibu ufikie uso, halafu anashuka na mwili wote nyuma ya mpira. Mpira wake wa kwanza ulikuwa wa kasi. Wa pili ulikuwa unakuja kama umenyooka, halafu ukikaribia gongo unazama ghafla. Mpigaji anagonga hewa.

Shule ama Babe Ruth?

Mwaka wa 1934 gazeti la Yomiuri, chini ya bosi wake Matsutaro Shoriki, liliamua kuleta mastaa wa Marekani waje kucheza Japani. Na si mastaa wa kubahatisha. Babe Ruth alikuwemo, yule ambaye hata mtu asiyejua besiboli amewahi kusikia jina lake. Lou Gehrig alikuwemo. Jimmie Foxx na Charlie Gehringer pia. Kocha alikuwa Connie Mack.

Shida ilikuwa moja. Wakati huo Japani haikuwa na ligi ya kulipwa. Wachezaji wakali wengi walikuwa wanafunzi, na serikali tangu 1932 ilikuwa imeweka sheria kwamba mwanafunzi haruhusiwi kucheza na watu wa kulipwa. Kwa hivyo Sawamura, miaka 17, aliwekewa meza yenye sahani mbili. Abaki shule, akose Babe Ruth. Ama aache shule, asimame mbele ya Babe Ruth.

Aliacha shule.

Weka hiyo point kwa akili, manze. Siku hiyo ilionekana ni uamuzi wa mpira tu. Miaka michache baadaye ilikuja kuwa kitu kingine kabisa.

20 Novemba 1934, uwanja wa Kusanagi

Wamarekani walipofika Japani walipokelewa kama wafalme. Mitaa ya Tokyo ilijaa watu wakitaka tu kumwona Ruth akipita. Na uwanjani hawakuwa na huruma. Walikuwa wanashinda mechi baada ya mechi, nyingine kwa alama nyingi hadi aibu. Ruth alikuwa na miaka 39, anaelekea mwisho wa safari yake, lakini bado katika hiyo ziara alitoa mipira 13 nje ya uwanja.

Halafu ikafika mechi ya Shizuoka, uwanja wa Kusanagi. Kwa kituta akapanda dogo wa miaka 17.

Gehringer akaja, akakosa, akarudi. Ruth akaja, akakosa, akarudi. Gehrig akaja, akarudi. Foxx akaja, naye akarudi. Majina manne makubwa zaidi ya mchezo huo duniani, yamefuatana, na wote wameenda kuketi bila kugusa kitu. Uwanja ulikuwa hauamini macho yake.

Aliendelea hivyo raundi baada ya raundi. Hadi raundi ya 7 hakuna aliyekuwa amepata alama. Ndipo Gehrig akaupata mpira mmoja tu, akaugonga ukatoka nje. Mechi ikaisha 1–0. Wamarekani walishinda, lakini Sawamura alikuwa amewatoa wapigaji 9 kwa kuwakosesha, na ameruhusu alama moja tu.

Hapa ndipo watu wengi wanashangaa. Mechi inayokumbukwa zaidi ya Sawamura ni mechi aliyopoteza. Lakini ukielewa hali ilivyokuwa, haishangazi. Nchi nzima ilikuwa imezoea kuambiwa kwamba hawa Wamarekani wako ligi nyingine, hawaguswi. Kijana wa duka la mboga aliwaonyesha kwamba wanaguswa. Kama umewahi kukaa kibanda cha video ukiona timu ndogo ya Afrika inabana miamba wa Kombe la Dunia hadi dakika za mwisho, unajua hiyo feeling. Unatoka hapo umepoteza na kichwa kiko juu.

Ligi inaanza, na yeye ndiye moto

Desemba ya mwaka huo huo timu ya kulipwa ikaundwa. Ndiyo hiyo leo inaitwa Yomiuri Giants, timu kubwa zaidi Japani. 1935 walivuka bahari kwenda kuzunguka Marekani wakicheza na timu za huko, na Sawamura ndiye watu walikuwa wanakuja kuona. Kuna kisa kinachosimuliwa cha shabiki mmoja Mmarekani aliyemwomba asaini karatasi. Dogo akajua ni saini ya kawaida ya shabiki, kumbe ilikuwa mkataba wa kuchezea timu ya huko na huyo shabiki ni msaka vipaji. Hakuenda popote. Alirudi nyumbani na wenzake.

1936 ligi ya kulipwa ya Japani ikaanza. Tarehe 25 Septemba mwaka huo, dhidi ya Osaka Tigers, Sawamura alifanya kitu ambacho hakikuwa kimewahi kufanywa kwa hiyo ligi: alimaliza mechi nzima bila mpigaji hata mmoja wa upinzani kuupiga mpira wake akafika kituo salama. 1 Mei 1937 akarudia, na maskini wa Mungu, ni Tigers hao hao.

Msimu wa machipuko wa 1937 ndio ulikuwa kilele. Alishinda mechi 24, akapoteza 4. Kwa wastani alikuwa anaruhusu chini ya alama moja kwa kila raundi 9. Akachaguliwa mchezaji bora wa ligi, wa kwanza kabisa kupewa hiyo heshima. Alikuwa na miaka 20.

Miaka 20, buda. Umri ambao wengi wetu tunatafuta attachment.

Barua ya kwanza

Julai 1937 Japani iliingia vita kamili na China. Januari 1938 Sawamura akaitwa jeshini.

Sasa kumbuka ile point niliyokuambia uweke. Wakati huo sheria ya Japani ilikuwa inawapa wanafunzi wa vyuo nafasi ya kuahirisha kwenda jeshi. Ukiwa na jina lako kwa orodha ya chuo, wanakungoja. Wachezaji kadhaa walishtuka mapema wakajiandikisha vyuo vya jioni, mchana wanacheza, usiku wako darasani, angalau kwa karatasi. Sawamura alikuwa ameacha shule akiwa na 17 ili akacheze na Babe Ruth. Hakuwa na chuo, hakuwa na karatasi. Barua ikija, ni kufunga virago tu.

Alipelekwa China na kikosi cha askari wa miguu. Na jeshi si wajinga. Wakijua una mkono mkali kuliko wote Japani, watautumia. Walimpa maguruneti arushe. Guruneti moja lilikuwa na uzito wa zaidi ya mara tatu ya mpira wa besiboli. Mpira unarushwa na bega likiwa limepashwa joto, unapumzika, unakandwa. Guruneti linarushwa ukiwa kwa matope, baridi, bila kulala, na unarusha mbali uwezavyo kwa sababu likikosea ni wewe. Fanya hivyo tena na tena, uone bega litasema nini.

Bega lake la kulia liliharibika. Juu ya hiyo, alipigwa risasi kwa mkono wa kushoto, na akashikwa na malaria.

Alirudi 1940. Watu walitaka kuona ule mguu ukipanda na ule mpira wa kasi. Kasi haikuwa ile tena. Lakini hapa ndipo mimi binafsi namheshimu zaidi. Kijana alijifunza upya. Badala ya nguvu akatumia akili: kuweka mpira pembeni kabisa, kubadilisha mwendo, kumdanganya mpigaji. Na 6 Julai 1940, dhidi ya Nagoya, akamaliza mechi ya tatu ya maisha yake bila kupigwa hata mpira mmoja salama. Mkono ulikuwa umevunjika moyo, yeye hakuvunjika.

Barua ya pili, na ya tatu

1941 alioa. Oktoba mwaka huo huo, barua ya pili ikafika. Miezi miwili baadaye Japani ikashambulia Pearl Harbor, na Sawamura akajikuta Ufilipino, akipigana na jeshi la nchi ya wale wale waliokuwa wamemshangilia kwa viwanja vyao 1935.

Aliporudi 1943 hata mchezo wenyewe ulikuwa umebadilika. Maneno ya Kiingereza yalikuwa yamepigwa marufuku, kila kitu cha besiboli kikapewa jina la Kijapani. Naye hakuweza tena kuinua mkono juu kurusha alivyozoea. Alikuwa anarusha mkono ukipita upande wa kiuno, na mpira unaenda unakotaka wenyewe. Msimu huo hakushinda mechi hata moja. Mtu ambaye miaka sita nyuma alikuwa hagusiki, sasa alikuwa anatazamwa kwa huruma, na kwa mwanaspoti hakuna kitu kinauma kama hicho.

Mwanzoni mwa 1944 Giants wakamwachilia. Timu iliyojengwa na jina lake ikamwambia imetosha.

Oktoba 1944, barua ya tatu. Wakati huu alikuwa na mke na mtoto msichana mchanga.

2 Desemba 1944, meli iliyokuwa imembeba pamoja na wanajeshi wengine, Hawaii Maru, ilipigwa torpido na nyambizi ya Marekani iitwayo Sea Devil katika Bahari ya China Mashariki. Ikazama. Sawamura hakurudi. Miaka 27.

Sasa rudi huku kwetu. Mwanzoni mwa Desemba hiyo hiyo, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na askari wa KAR kutoka Kenya na majirani, ilikuwa imepita Bonde la Kabaw huko Burma kwa mvua, matope na malaria, ikawasukuma Wajapani hadi ikafika Kalewa, kando ya mto Chindwin. Ndani yake kulikuwa na vijana wa Kipsigis waliotoka vilima hivi vya chai, ambao Japani walikuwa hawajawahi kuisikia kabla ya kupewa bunduki. Hawakuwa na ugomvi na kijana wa duka la mboga wa Ise, naye hakuwa na ugomvi nao. Yeye aliitwa na mfalme wake, hawa waliitwa na mfalme wa Uingereza ambaye hawakuwahi kumwona hata siku moja. Malaria iliyomshika yeye China ndiyo iliyowaangusha wengi wao Kabaw.

Wale wazee waliobahatika kurudi wamekuwa wakituachia stori mezani, kidogo kidogo, na kwa kawaida wananyamaza zikifika mahali fulani. Wa Sawamura hawakupata hata hiyo.

Namba 14 na tuzo isiyo na huruma

Vita viliisha 1945. Ligi ikarudi 1946. Na 1947 Giants, wale wale waliomwachilia, wakaiondoa namba 14 aliyokuwa anavaa. Hakuna mchezaji wa Giants ameivaa tangu hapo. Mwaka huo huo jarida moja la besiboli likaanzisha Tuzo ya Sawamura kwa mrushaji bora wa mwaka. 1959, ukumbi wa heshima wa besiboli wa Japani ulipochagua watu wake wa kwanza, naye aliingia.

Hesabu zake za mwisho: mechi 63 alizoshinda, 22 alizopoteza, wastani wa alama 1.74. Mechi tatu bila kupigwa. Ukiziangalia hivyo tu, ushindi 63 si nyingi. Kuna warushaji Japani wana mara nne, mara tano ya hiyo. Lakini ile tuzo haipimi kile alichomaliza nacho. Inapima kile alichokuwa kabla hajaitwa.

Na masharti yake ni noma. Ushindi angalau 15. Kwa miaka mingi ilitakiwa pia mechi 10 ulizomaliza mwenyewe bila kupokelewa na mwingine, na raundi 200. Wapigaji 150 uliowakosesha. Wastani wa 2.50 au chini. Siku hizi timu zinalinda mikono ya vijana, mrushaji anatolewa mapema apumzike, kwa hivyo masharti yote kutimia ni ndoto. Waamuzi wasiporidhika wanaacha tu. 2024 hakupewa mtu.

Hideo Nomo aliwahi kuichukua. Yu Darvish pia, na Masahiro Tanaka. Halafu akaja Yoshinobu Yamamoto, akaichukua 2021, 2022 na 2023 mfululizo. Baada ya hapo Los Angeles Dodgers wakamwandikia mkataba wa miaka 12 kwa dola milioni 325, na 2025 akawa mchezaji bora wa fainali za ubingwa wa Marekani. Hakuna aliyempa guruneti akiwa na miaka 20. Aliachwa arushe mpira, na huo ndio mkono ambao dunia imeona.

Ukienda leo uwanja wa Kusanagi utakuta sanamu mbili, ya Sawamura na ya Babe Ruth. Mmoja ameinua mguu, mwingine ameshika gongo, bado wanasubiriana.

Kwa hivyo wiki hii ukipanda gari hapo Kaplong na konda akiwa na ile kofia ya buluu ya LA, mwambie ni timu ya Yamamoto. Akikuuliza Yamamoto ni nani, mna safari nzima hadi Kisii. Anza na kijana wa duka la mboga.